Fundi wa Jericho Asiyeandika Majina

Saa mbili asubuhi, soko la Jericho, Nairobi. Triza Andati anavuta pazia la kitenge, msichana mmoja anaingia kibandani, na kwa dakika kumi hakisikiki kitu ila miguu ikisogea sakafuni. Triza hatamki namba kwa sauti kama mafundi wengine. Anapotoka anafungua daftari na kuandika: kifua 34, kiuno 27, nyonga 38. Kisha anakata kipande cha kitambaa cha mteja, kidogo kama stempu, na kukibana kwa pini kando ya namba hizo. Jina haandiki.

Mwandishi huyu, ambaye udadisi ndio unaomlisha, anaomba ruhusa ya kulipekua daftari hilo. Kurasa sitini na zaidi, hakuna jina hata moja.

"Kitambaa nakijua ni cha nani," anasema Triza, akitia uzi kwenye cherehani yake ya kukanyaga. "Mwingine akiokota hiyo daftari ataona namba tu. Na namba peke yake haiwezi kumsema mtu."

Triza, 42, ni mzaliwa wa Butere na mama wa watoto watatu. Hapa sokoni hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Ryan. Alifungua kibanda mwaka 1988, mumewe Kweyu akiwa kibarua wa reli. Hadi mwaka huu wa 1997, ni miaka tisa anashona sare za kwaya na za shule, lakini kinachomletea watu hata kutoka Kariokor ni magauni ya harusi. Gauni moja humwachia shilingi 1,500 hivi akishatoa kitambaa na lesi. Zamani alishona manne kwa mwezi. Tangu magauni ya mitumba yajae soko la Gikomba, akipata mawili anashukuru.

"Huyu mama humtoi neno," anasema Mativo, jirani yake anayeuza vifungo na zipu. "Mimi ndiye namuuzia zipu. Namuuliza, Mama Ryan, hii ni ya harusi ya nani? Ananiambia ni ya atakayeivaa. Sasa hiyo nayo ni jibu?"

Juu ya rafu, nyuma ya marobota ya kitambaa, kuna furushi lililofungwa kwa shuka nyeupe. Siku ya kwanza mwandishi huyu alipouliza ni nini, Triza alisema, "Ni gauni." Siku ya pili aliuliza tena, maana kazi hii haina haya. Triza alisimamisha cherehani.

"Hilo ndilo lililonifunza kunyamaza," alisema.

Miaka kadhaa iliyopita alikuwa akimshonea gauni binti mmoja wa kanisani. Tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa Jumapili ya kwanza, na kama ilivyo desturi lilibaki kusomwa mara mbili zaidi. Siku ya Jumanne binti akaja kujaribisha. Zipu ikakataa. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi tatu kwa wiki tano.

Triza hakumuuliza chochote. Laiti angeishia hapo. Jumatano jioni, katika ushirika wa akina mama, ilipofika zamu ya kutaja mahitaji ya maombi, aliinua mkono.

"Nilisema, wapendwa, tumkumbuke dada mmoja, bibi harusi, mwili wake unabadilika. Jina sikutaja. Nilijiona mwenye busara kweli." Anatikisa kichwa. "Na wiki hiyo kanisa zima lilikuwa na bibi harusi mmoja tu."

Akina mama waliomba kwa machozi, na wakaenda na neno hilo nyumbani. Jumapili ya pili tangazo halikusomwa. Watu wa bwana harusi walikuwa wamejiondoa.

Jumatatu binti alikuja kibandani. Hakupiga kelele.

"Aliniambia neno moja tu. 'Mama Ryan, mimi nilikuvulia nguo.' Akaenda. Gauni hakuligusa."

Miezi miwili baadaye binti alifanyiwa upasuaji. Haikuwa mimba. Ulikuwa uvimbe.

Triza alikwenda kwao kuomba msamaha, mlango haukufunguliwa. Alituma ujumbe kwa dada wa binti, jibu halikuja. Mwisho akaamua kusimama mbele ya kanisa lote atubu, kama wanavyofanya wengi wakati wa ushuhuda. Ni mzee wa kanisa, mama mmoja aitwaye Adhiambo, aliyemzuia.

"Alinishika mkono akaniambia, 'Mwanangu, ukisimama pale utamvua nguo mara ya pili. Wewe utashuka umepona, yeye atabaki anatazamwa. Mwachie Mungu saa yake.'"

Kunyamaza na kungoja, anasema, kulikuwa kugumu kuliko aibu yenyewe. Kwenye kwaya aliimba na watu waliomdhani hana neno. Wateja wawili walitaka kulinunua gauni, akakataa. Binti alihamia mbali.

"Kwani kungoja si ni kisingizio cha woga?" mwandishi huyu alimuuliza.

Alivuta uzi kati ya vidole. "Hata mimi nilijiuliza hivyo. Lakini niliona nikizidi kubisha ule mlango, ninachotafuta ni mimi nilale. Si yeye. Nikamwambia Mungu, ukimleta, anikute hapa hapa, na mdomo umefungwa."

Siku ya tatu, Alhamisi, mwandishi huyu amekaa kwenye benchi la wateja wakati mwanamke wa miaka thelathini hivi anaposimama mlangoni.

"Bwana asifiwe, Mama Ryan."

Miguu ya Triza inaganda juu ya kanyagio. "Amina," anasema, kwa sauti ndogo. "Ingia." Kisha, bila kugeuka: "Ndugu yangu, nenda ukanywe chai."

Chai ya Jericho haijawahi kunyweka polepole namna ile. Mwandishi huyu aliporudi, mgeni alikuwa ameondoka na rafu ilikuwa tupu. Gauni lilikuwa juu ya meza, mishono ya kiunoni ikifumuliwa. Macho ya Triza yalikuwa mekundu.

"Amepungua au ameongezeka?"

Alicheka kwa mara ya kwanza katika siku tatu. "Hiyo hupati. Andika hivi tu: alisema nimpime tena."

Tena alikuwa amemuulizia mwandishi huyu ruhusa. Mgeni alikubali habari iandikwe bila jina, bila mwaka, bila kanisa, na isitoke kabla ya Jumapili ya tatu ya tangazo lake jipya la ndoa. Mhariri alinung'unika wiki tatu nzima.

Jumapili ya tatu imepita. Mchungaji alisoma majina, akauliza kama kuna mwenye sababu ya kuzuia ndoa hiyo, na kanisa likakaa kimya. Triza alikuwa kwenye viti vya kwaya, akitazama mikono yake.

Harusi ni Jumamosi hii. Kadi ya mwaliko Triza hajapata, wala hajaiulizia.

"Gauni likitoka hapa huwa naenda na sindano na uzi, mshono usije ukaachia," anasema, akikunja shuka nyeupe. "Nikiitwa ndani nitaingia. Nisipoitwa nitasimama pale nje karibu na mlango, mpaka amalize."