Mkono Kifuani

Ko, ko, ko. Kijiti juu ya bidoni tupu ya maji: sauti hiyo sijaisahau. Mwalimu wetu wa mbio hakuwa na filimbi. Akigonga, tunakimbia kuzunguka uwanja wa shule, juu ya mawe meusi ya volkano yaliyomaliza viatu vyetu. Akinyamaza, kila mmoja anaweka mkono kifuani mwa mwenzake na kuhesabu kwa Kifaransa mpaka moyo utulie. Ukifika mia moyo haujatulia, mwenye moyo huo hakimbii mashindano.

Alituambia moyo wa mtoto hupanda upesi, na ukizoezwa polepole, hujifunza kushuka upesi. Sisi tuliamini kinyume, kwamba unaopiga sana ndio hodari.

Mwenzangu alikuwa mtoto wa mama mdogo; aliniita Yaya, yaani dada mkubwa. Vita iliwatoa mji wa Kiwanja, wakaja kulala kwetu. Wengine walimchokoza: aliyekimbia toka Kiwanja, njia yote ile, anachokaje na uwanja mdogo hivi? Alicheka nao. Usiku tulipanga jinsi tutakavyokimbia Kinshasa, tumevaa rangi za taifa. Mimi nilishachagua hata namna ya kusuka nywele.

Kisha mlima wetu wa volkano ukapasuka. Tulipoanza tena mazoezi, vumbi lilikuwa bado hewani na yeye alikuwa na kikohozi kisichoisha. Siku ya kuchaguliwa nilihesabu mpaka mia, nikaipita. Chini ya kiganja changu moyo wake ulitapatapa kama kuku aliyefungwa miguu.

"Yaya, sema umetulia," alininong'oneza. "Sema tu."

Nilijua moyo usiotulia ni hatari kukimbia nao, tulishafundishwa. Lakini tangu atoke Kiwanja hakuwa ameomba kitu kwa mtu. Nikasema umetulia.

Siku ya mashindano, mzunguko wa mwisho, alipiga magoti karibu na nguzo ya goli. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Muuguzi alisema atapona, ila kukimbia, basi, mpaka mwili ukomae, na labda hata hapo hapana. Mwalimu aliniangalia, kisha akaangalia kiganja changu.

Jioni mwenzangu alifungua macho.

"Yaya, nilifika mwisho?"

"Ulifika."

Kesho yake, kabla ya kengele, nilienda uwanjani. Hakukuwa na mtu. Nikasimama pale alipopigia magoti, nikaweka mkono kifuani mwangu, na nikatembea, sikukimbia, mpaka kwenye mstari wa mwisho.