Programu Iliyosahau Njiani

Wakati wa vita, barua iliweza kukuponza. Vizuizini askari walipekua mpaka soli za viatu. Kwa hiyo mama yangu, aliyesukuma baiskeli iliyopakiwa chumvi kutoka Kindu hadi Tunda, alibeba ujumbe wa watu kichwani. Kabla hajaondoka ilibidi aurudie mara tatu mbele ya mwenye ujumbe. Akikosea neno, anaanza upya.

Mimi nikasoma, nikawa fundi wa programu za simu. Pamoja na wenzangu wawili, mabingwa wa kujisifu, niliunda programu ya kutunza kadi za wajawazito. Tuliiandika kwa lugha zilezile za kutengenezea tovuti, tukaifunga iingie kwenye simu ya aina yoyote. Kazi moja, simu zote! Tuliijaribu ofisini Kindu, chini ya antena, tukapongezana. Hata kuvuka mto kwenda kuijaribu Alunguli, ng'ambo tu, tuliona taabu. Kadi za karatasi, tulipokwisha kuzinakili, tukaagiza zichomwe.

Siku niliyoipeleka kwenye zahanati ya Tunda, dada yangu alikuwa amejifungua pale na homa inampanda. Mama alikaa kando yake. Muuguzi, sindano mkononi, akaniuliza: kuna dawa inayomdhuru? Nikafungua programu. Nembo yetu, kisha ukurasa mweupe. Nikajaribu simu ya muuguzi, ya aina nyingine, niliyokuwa nimeshaiwekea programu. Mweupe. Tuliahidi itafanya kazi sawasawa kwenye simu zote, na kweli, zote zilikuwa tupu sawasawa. Mtandao haukuwepo, na kadi zote tulikuwa tumeziacha kwenye seva, kompyuta yetu ya mjini. Ndani ya simu tuliweka nembo yetu tu, wapumbavu sisi.

— Penisilini hapana, mama akasema. Ilitaka kumuua wakati wa mutoto wa kwanza. Walinisomea kadi yake, nikaishika kichwani.

Muuguzi akabadilisha dawa. Mama akataka kujua simu yangu ina ugonjwa gani. Nikamweleza kwamba kwa kila ukurasa simu lazima iulize kwanza Kindu.

— Kumbe weye ulituma mujumbe mwenye kurudi nyumbani kila kijiji, kuuliza alitumwa kusema nini!

Wodi nzima ikacheka. Dada yangu peke yake hakucheka.

— Na ule wa kitanda ya pili? akaniuliza. Ule hana mama hapa.

Muuguzi alikuwa ameshasimama kwenye kitanda hicho na sindano nyingine, akiningoja mimi.