Wifi Yangu Kwenye Foleni ya Watoto

Baba mkwe wangu alikuwa haoni tena mwaka ule alipotaka kuwagawia wanawe shamba lake la kule Daa. Wajukuu walikuwa wengi, wengine wamezaliwa macho yake yameshazima, basi akatumia njia ya wazee wake. Alikaa kwenye ngozi na bakuli la maharage. Kila mjukuu alipita mbele yake akataja alikotoka: mimi ni wa fulani, na fulani ni wako. Mzee alipapasa punje zilizokwisha kupangwa pale kwenye ngozi. Aliyekwisha kutajwa hakumwekea punje ya pili. Mpya alimwekea, chini ya mzazi wake. Foleni ikiisha, ukoo wote ungekuwa umelala pale na matawi yake, na kila mtoto wa mzee mwenye punje angepata kipande.

Njia nzuri. Sikusoma, lakini niliielewa upesi, na nikaona palipotoboka. Mtu mzima aliwekewa punje kwa kutajwa na mtoto wake. Sasa wifi yangu, aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mtoto, akawa anaishi kibandani nyuma ya zizi, nani angemtaja? Si kwamba baba yake alimsahau. Desturi ilikuwa hivyo, asiyetajwa hawekwi.

Wajukuu walipokaribia kwisha, nikamwona wifi amesimama mwisho wa foleni, nyuma ya kitoto changu chenye kamasi. Shemeji mkubwa akamwambia, "Dada, na wewe umekuja kunyonya?" Watu wakacheka. Yeye akasogea tu, zamu yake ikafika.

"Wewe wa nani?" mzee akauliza.

"Wako."

"Halafu?"

"Hakuna halafu, baba. Wako, basi."

Shemeji akaingilia kwamba tawi lisilo na kitu mwishoni halihesabiwi, na akifa huyo shamba litalimwa na nani. Mzee hakugeuza hata shingo. Alipapasa safu ya wanawe, akazisogeza punje kidogo, akaweka moja kati ya shemeji mkubwa na mume wangu, pale pale kwenye zamu ya wifi ya kuzaliwa. Chini yake pakabaki patupu.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema. "Atazaa nani, hilo sikuulizwa."

Kipande alichopewa kilikuwa chembamba, tena cha mteremko. Shemeji alinuna mpaka mavuno. Wifi alipanda mbaazi, akajenga na jiko lake kule kule.