Jinsi Nilivyong'arisha Gari la Mama wa Samaki

Mume wangu alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Mahagi, mahali ambapo mvua ilikuwa imekula ukingo. Walipomrudisha nyumbani kwetu Mudzipela, mtaa wa Bunia, mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa plasta kutoka kwenye vidole hadi karibu na bega. Mimi nilishukuru kwamba kichwa kilikuwa kizima na alikuwa akinijibu maneno yenye maana. Yeye alikuwa na mawazo mengine. Alikaa kwenye kiti uani, akalitazama gari lililosimama chini ya paa letu la mabati.

Lilikuwa Peugeot 404 ya bluu, ile yenye sanduku nyuma la kubebea mizigo. Mwenyewe alikuwa mama mjane aliyenunua samaki kule Kasenyi, kwenye ziwa, na kuwauza Bunia sokoni. Mtaa mzima ulimwita Mama wa Samaki, naye hakukasirika. Kijana wake wa kwanza alikuwa anakaribia kupewa upadre pale katedrali, na mama alitaka kumtoa kanisani katika gari linalong'aa. Mume wangu alikuwa amekwisha kunyoosha mabati yaliyobonyea na kupaka rangi mpya kwenye mlango wa nyuma wa sanduku. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kung'arisha gari zima, kwa maana rangi ya zamani ilikuwa imefifia ikafanana na jivu.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa amefanya kazi muda mrefu katika garaji ya misioni, na yule furere, yaani bruda mtawa, aliyeisimamia alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia mashini ya kung'arishia magari. Haikuwa kama ile nzito ya zamani, ambayo ilizunguka tu kama jiwe la kunolea visu na kuunguza rangi ukiisahau mahali pamoja. Hii mpya ilizunguka, na wakati huohuo ikawa inayumba huku na huku, kwa hiyo sponji yake haikurudia njia ileile. Mume wangu aliipenda mno. Aliiweka ndani ya chumba chetu cha kulala, ikiwa imefungwa katika kipande cha kitenge changu.

Siku ya pili baada ya ajali, Mama wa Samaki alikuja kumpa pole. Mume wangu hakumzungusha.

"Mama, unaona mukono. Siwezi kumaliza. Lakini mashini iko, na bibi yangu iko."

Mimi nilikuwa kwenye baraza, kwenye cherehani yangu ya miguu, nikishona sare za shule. Nilisikia neno lile, mguu ukasimama wenyewe. Hakuwa ameniuliza.

"Bibi yako alishafanyaka hii kazi?" mama akauliza.

"Apana. Lakini iko na mikono ya kutulia. Angalia vile anashonaka."

Mama alinigeukia. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. "Na weye unasema nini, mutoto yangu?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilijua nguo, gari sikulijua, na kwamba niliogopa.

Aliligeukia gari. "Basi aanze na ule mulango ya nyuma," akamwambia mume wangu. "Akiuharibisha, nitapanga vitunga vya samaki pale, hakuna mutu ataona."

Alipoondoka nilimwuliza mume wangu kwa nini hakuzungumza nami kwanza. Akasema kwamba angeniuliza ningekataa. Hilo lilikuwa kweli, nikarudi kwenye sare zangu.

Asubuhi yake tuliliosha gari, yeye akimwaga maji kwa mkono wa kushoto na mimi nikisugua. Vumbi la Bunia huingia kila mahali, na alinirudisha mara nyingi kwenye sehemu nilizodhani zimetakata. "Muchanga moja tu ukibaki chini ya sponji, utachora gari yote," alisema. Tulilikausha. Akaniambia nibandike skochi ya karatasi, ule utepe wa gundi, kwenye kingo zote za bati, kwa sababu pale rangi ni nyembamba na sponji huila upesi. Kisha alichukua kalamu akachora mstari mweusi kwenye ukingo wa kile kisahani kinachoshika sponji.

"Mustari ni ya nini?"

"Ukiona unazunguka, kazi inaenda. Ukiona unasimama na mashini inatetemeka tu, ujue umefinya sana."

Nilitia dawa ya polishi kwenye sponji, matone machache kama alivyosema, nikainyanyua mashini kifuani, nikabonyeza. Sikuwa nimeiweka kwanza kwenye bati. Dawa iliruka yote. Iliruka kwenye kilemba changu, kwenye ukuta, kwenye plasta yake na katika ndevu zake. Nilizima, nikingoja anigombeze.

Alicheka. Alicheka mpaka akaushika mkono mbovu kwa maumivu, na bado hakuacha. Tangu aanguke na pikipiki sikuwa nimemsikia akicheka, na mimi pia nikaanza kucheka, tukiwa tumejaa madoa meupe. Kama ni lazima nitaje wakati nilipoacha kuiogopa mashini ile, nitataja huo.

"Gusisha kwanza gari, mama batoto," alisema alipopata pumzi. "Gusisha, halafu uwashe. Na ukitaka kuinyanyua, zima kwanza."

Nilianza tena. Waya nilikuwa nimeupitisha juu ya bega ili usiguse rangi. Mwanzoni nilikuwa nikikandamiza kama mtu anayepiga pasi, na mstari mweusi ukasimama. Nililegeza, ukazunguka. Nililegeza zaidi, mashini ikataka kunikimbia. Mume wangu aliketi karibu yangu kwenye kigoda akisema tu, "Acha uzito yake yenyewe itoshe. Polepole. Ilaze sawasawa. Usiiinamishe." Nilikwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka juu kwenda chini, kila njia ikiipanda kidogo njia iliyotangulia. Hapo nilikumbuka kwamba hata kitambaa chini ya sindano hakivutwi. Unakiongoza tu, na mashini inakula yenyewe. Mikono yangu ilielewa kabla sijaweza kulisema jambo lile.

Tulipofuta dawa, mlango wa nyuma ulikuwa unang'aa hivi kwamba niliona mabati ya paa letu ndani yake, mstari kwa mstari. Mume wangu aliinama akautazama kwa upande, jicho moja likiwa limefungwa. Alisema, "Inaweza." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mama wa Samaki alipopita jioni alipapasa mlango ule, akasema niendelee.

Siku iliyofuata mume wangu alitakiwa hospitalini ili waangalie mfupa. Nilitaka kumsindikiza, akakataa, akasema kaka yake angempeleka na mimi nianze kwenye kapo, yaani kile kifuniko kipana cha injini, wakati umeme ukiwapo. Umeme wetu ulikuwa na tabia zake, na ulipokuja, mtu alifanya kazi bila kuuliza.

Kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Niliweka dawa, nikagusisha, nikawasha. Mstari ulizunguka vizuri. Nilimaliza sehemu ya kwanza, nikazima, nikaigeuza mashini nitazame sponji. Sponji ilikuwa ya bluu.

Siku ya kwanza, kwenye mlango, haikugeuka rangi hivi. Ilibaki karibu nyeupe. Sasa ilikuwa bluu kabisa, kama kitambaa kilichochovywa katika wino. Niliona kwamba nilikuwa nimeichuna rangi ya gari la mjane, katikati ya kapo, mahali ambapo vitunga vya samaki visingeweza kuficha kitu. Sikuthubutu hata kufuta dawa nione chini yake. Niliiweka mashini juu ya meza, nikavuta kigoda, nikakaa. Maharage yalikuwa motoni, sikuyaangalia. Yaliungua, nikasikia harufu, na sikuinuka.

Aliyefika kwanza ni Mama wa Samaki. Alikuwa anatoka sokoni na alitaka tu kusalimia. Alinikuta nimekaa vile.

"Kuna mugonjwa?" aliuliza. "Wamekuambia nini ku hospitali?"

"Apana, mama. Bado hawajarudi. Ni gari." Nilimwonyesha sponji. "Nafikiri nimetoa rangi. Sijui. Sijafuta."

Nilitazamia aseme maneno makali, nami ningeyapokea. Aliiangalia sponji. Kisha aliweka kikapu chake chini, akaketi kwenye benchi la wateja wangu wa nguo.

"Tutamungojea bwana yako," alisema. "Siye wawili hatujui kitu. Na hiyo maharage iko naungua, mutoto yangu."

Nilikwenda kuepua sufuria. Niliporudi hakuongea habari za gari. Aliniambia jinsi kijana wake alivyokuwa mgumu kuamka asubuhi alipokuwa mdogo, na jinsi alivyoshangaa seminari ilipomvumilia. Nilimsikiliza nusu. Lakini kukaa na mtu mwingine kulinisaidia kupumua.

Mume wangu alirudi akitembea polepole, kaka yake akimshika upande wa mkono mzima. Kabla hajafika kivulini alisema, "Mufupa inaunga. Daktari amefurahi." Nilitaka kufurahi nami, ila niliwaza gari tu. Nilimpa sponji mkononi.

Aliitazama. Akamtazama Mama wa Samaki, akanitazama mimi, akaona jinsi tulivyokaa kama watu wa kilio.

"Ndio hii tu?" aliuliza.

Alichukua kitambaa kwa mkono wa kushoto, akaifuta ile dawa iliyokuwa imekauka kwenye kapo. Chini yake kulikuwa na bluu nzito, bluu ya ziwa kabla ya mvua, na kuizunguka pande zote ilikuwa ile rangi ya jivu tuliyoizoea. Hapakuwa na sehemu iliyochunika.

"Hii rangi ya zamani ikipigwa na jua miaka mingi, inakufa juu," alisema. "Ile yenye ilikufa ndiyo imetoka. Yenye uzima iko chini. Ule mulango niliupaka mupya, ndiyo maana haukutoa kitu. Kosa ni yangu, ningekuambia."

Nilikaa tena kwenye kigoda. Mama wa Samaki alipumua kwa sauti, pumzi ndefu kama ya mtu anayetua mzigo wa kichwani, akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha akauliza kama katika yale maharage kulikuwa na sehemu isiyoungua. Tulikula sehemu hiyo, wote wanne, na ilikuwa na ladha ya moshi, na hakuna aliyelalamika.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nilisafisha sponji kila mara ilipojaa bluu, na kila mara nilipoiona bluu ile nilifurahi badala ya kuogopa. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, paa. Bega liliniuma, na usiku vidole viliendelea kutetemeka kama vile bado nimeishika. Mume wangu aliacha kukaa karibu. Alianza kuzunguka mtaani akisalimia watu, na hilo lilinionyesha, kuliko maneno yoyote, kwamba hakuwa tena na wasiwasi.

Siku ya upadre, gari lilisimama mbele ya katedrali kati ya magari mengine. Mimi na mume wangu tulisimama mbali kidogo, yeye akiwa na koti lililofunika plasta. Mama wa Samaki alitoka nje kabla ya kijana wake ili ahakikishe kwamba dereva yupo tayari. Alisimama karibu na mlango wa mbele, akajiona ndani ya rangi, akakisogeza kilemba chake kikae vizuri. Hakujua kwamba tunamtazama. Mume wangu alinigusa kwa kiwiko, basi.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba na uliopauka kama wa mtu mwingine, lakini uliweza kukunjika. Alishika nyundo zake tena, akarudi kunyoosha mabati. Mashini aliijaribu siku moja, bega lake likachoka upesi, akazima, akaniita nitoke barazani. Nilikuwa na nguo ya mteja chini ya sindano. Nilimwambia anipe muda nimalize pindo, kisha nikaenda.