Migomba Iliyokatwa kwa Ajili ya Zahanati

Muhtasari wa mkutano ule niliuandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mwenyekiti wa kijiji chetu, huku upande wa Ikuti, Rungwe, aliuliza nani atatoa eneo la kujenga zahanati. Watu wakatazama chini. Mama yangu akasimama, akatoa shamba lake la migomba lililo kando ya barabara.

"Sasa mama, utakula nini?" akauliza jirani yetu anayefanya kazi kiwanda cha chai.

"Nitakula vidonge," mama akamjibu. "Si mnaniletea dawa mlangoni?"

Mkutano mzima ukacheka. Mama ana presha, na kila mwezi huvuka mabonde mawili kwenda kupimwa kata jirani. Tena hajasahau kwamba mama yake mzazi alibebwa kwa machela ya mianzi kupelekwa hospitali Tukuyu, akafia njiani kabla wabebaji hawajaiona barabara kubwa. Nikaandika: ametoa eneo kwa hiari, bila masharti. Mama akaweka dole gumba.

Utaratibu tunaujua. Wananchi wanapandisha boma, yaani kuta tupu, hadi kwenye lenta juu ya milango na madirisha, halmashauri inaezeka na kumalizia. Migomba ilikatwa siku moja. Wanawake wakabeba mchanga kutoka mtoni, wanaume wakachoma matofali. Ramani ya halmashauri ilikuwa inachelewa, na tukasikia kijiji cha pili nacho kimeanza kuchimba msingi. Hatukutaka watutangulie. Basi tukaenda watu watatu kwenye zahanati ya kata jirani, ileile anayopimwa mama, tukapima kila chumba kwa kamba ya katani, fundo moja kila kona. Mwenye kuhesabu mafundo nilikuwa mimi. Tulirudi tukiimba.

Mhandisi wa halmashauri, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, alifika boma likiwa limeshapigwa lenta. Akapima kwa tepu, akapima tena, kisha akaniita pembeni.

"Mzee, hiki chumba cha kujifungulia. Kitanda kikishaingia, mkunga anasimama wapi?"

Akanifungulia ramani aliyokuja nayo. Zahanati tuliyoiiga ilijengwa zamani, na vipimo vilikwishabadilika; boma lisilovifuata haliezekwi. Tungemsubiri wiki chache tu, tungejua.

Nilikwenda Tukuyu kusikiliza baraza la madiwani, nikakaa na daftari langu kwenye viti vya wananchi ambako mtu haruhusiwi kuzungumza. Diwani wetu akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wananchi wangu wamemwaga jasho. Nikirudi niwaambie nini?"

"Waambie wavunje!" sauti ikatoka nyuma, na ukumbi ukacheka.

Diwani mmoja mwanamke hakucheka; alisema afadhali fedha zimalizie kituo kimoja cha afya chenye chumba cha upasuaji kuliko kutawanywa kwenye maboma yasiyo na wauguzi. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Alikuwa anasema kweli. Diwani wetu naye alikuwa anasema kweli. Orodha ya maboma ya kuezekwa ikasomwa, la kwetu halimo. Mdomoni nilikuwa na habari yote ya ile kamba. Nikainama, nikaendelea kuandika.

Mvua ya Rungwe haisubiri bajeti. Matofali ya juu yameanza kumomonyoka, na sakafu haijajazwa hata kifusi. Mama bado anavuka mabonde yake mawili, ila sasa anakaa chini mara nne kabla ya kufika.

Wiki iliyopita nilikuwa namsindikiza kliniki, akataka tupite pale kwenye boma. Tukaingia chumba cha kujifungulia. Shina moja la zamani lilikuwa limechipua katikati, mgomba umefika kifuani kwangu, mzuri, hauna hata jani lililochanika, maana kuta zinaukinga upepo. Mama akalishika jani, akalifuta matone kwa kiganja.

"Huu ni wangu," akauliza, "au wa serikali?"

Jibu nililijua. Nililiandika kwa mkono wangu kwenye muhtasari ule.

"Twende mama," nikamwambia, "mvua inakuja."