Kamba ya Makopo

Kila ninapoinama ukingoni mwa bwawa la mashindano, dawa ya maji hunichoma pua, na mara nanusa tope la mpunga. Wenzangu hudhani nasali. Sivyo. Namkumbuka Mjomba Longino, hasira inanipanda, na hapo ndipo ninapoogelea vizuri.

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yangu ilipishana kama mkasi, mkono wa kushoto ulijikunja kifuani, na mwili ulirukaruka bila kuniuliza. Baba alipoona siwezi hata kukaa, aliondoka. Mama akarudi kwa kaka yake, Mjomba Longino, mjini, mtaa wa Lipangalala, na kila mpunga ulipotoa masuke tulihamia bondeni, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, kuamia ndege wasile mpunga.

Mjomba hakutaka nipande dungu bure. Shamba lilizungushiwa kamba yenye makopo ya maziwa yaliyotiwa mawe. Ukiivuta, yanapiga kelele na ndege wanaruka. Siku moja akanifunga kamba hiyo kiunoni. Mwili ukiruka, makopo yanalia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mlinzi huyu hata akisinzia anafanya kazi!"

Majirani walikuja kutazama. Watoto wao walipita wakiinama, "Shikamoo, mlinzi!" kisha wakanirushia tope. Nilishindwa hata kulifuta.

Msimu mmoja mto ulifurika, maji yakafika chini ya dungu, watoto wakawa wanaogelea humo humo. Mimi nilitaka jambo moja tu: kutoka kwenye ile kamba. Mchana mmoja, Mjomba akiwa amelala, niliivuta kamba hadi kifuani kwa mkono wa kulia, nikalitafuna fundo kwa meno likaachia, nikajibwaga majini.

Nilizama, nikameza tope. Kisha miguu ikaachana. Sijui niseme vipi. Maji yalinishika pande zote kama mtu anayesema tulia. Nikalala chali, nikapiga mkono wa kulia, nikaenda. Nikaenda! Watoto walinivurumishia mabonge ya udongo, wala sikujali.

Mjomba aliamshwa na ukimya wa makopo. Ndege wale waharibifu, kweleakwelea, walikuwa wameshatua shambani kama wingu. Akanivuta kwa upondo wa mtumbwi, akanichapa.

"Hata mamba wamekukataa! Nani atalinda mpunga?"

Akanifunga tena, akakaza. Mama alikuwa akikoroga uji juu ya kichuguu. Akaacha mwiko.

"Kaka, mfungue."

"Halafu?"

"Unifunge mimi."

"Mama Gaspa, unakula kwa nani wewe?"

"Kwako, kaka."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa, akachukua mundu, akaikata kamba. Makopo yakadondoka majini.

Kesho yake tuliondoka. Mama alinibeba mgongoni, kikapu kichwani, maji yakimfika mapajani. Mimi, niliyeona haya hata kuomba maji ya kunywa, nilisema njia nzima kwa ulimi wangu mzito. Nimeogelea, Mama, uliniona?

"Nilikuona, baba."

Nilidhani tunarudi mjini kama zawadi yangu. Ilipita miaka kabla sijajiuliza kwa nini tuliondoka mpunga ukiwa bado haujakomaa, na kwa nini hatukulala tena nyumbani kwa Mjomba, bali kwenye kibanda cha mashine ya kukobolea, Mama akipepeta mchele wa watu. Tulikuwa tumefukuzwa. Hakuniambia, nami sikumwona akilia. Jioni ile tulipofika kibandani, nilimwuliza kitu kimoja tu: kutoka hapa, mto uko upande gani?