Mkwe Wangu na Blanketi

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Pale kibarazani mdomo wake na cherehani vinakwenda pamoja, na hujui kipi kinaendeshwa kwa miguu. Wapo wanaomletea nguo nzima, mradi wakamsikilize.

Akaanzisha kipindi cha kwenye simu, podikasti, kufundisha watu kushona. Alirekodi sebuleni, kajifunika gubigubi blanketi la marehemu mke wangu ili kelele za nje zisiingie. Humo ndani sauti ikageuka. "Wasikilizaji wapendwa, tunawaletea..." Kama tangazo la msiba. Nami hayo nimeshayashiba.

Tulisikiliza wawili, mumewe na mimi. Mumewe alisinzia.

"Baba, hiki cha leo nacho kisiposikilizwa, naacha."

Sikutaka aache. Nyumba imeshakuwa kimya mno.

Alipoingia blanketini nikajikalia pembeni, nishone suruali yangu iliyochanika goti. Zamani haikuwa kazi yangu. Nilipomaliza nikaijaribu juu ya kaptula. Mguu ukafika gotini, ukagoma. Nikarukaruka, nikaangukia kochi, ubavuni kwa blanketi.

Blanketi likafunuka.

"Baba, nini tena?"

"Suruali haipiti."

Akaitazama. "Umeshona mbele na nyuma pamoja. Hii si suruali, baba, ni gunia la viazi. Nani kakutuma?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Na sasa hujanisumbua? Lete. Fumua kwanza. Mkono wa kushoto uingie ndani, utenganishe mbele na nyuma. Sindano ikikuchoma, ujue umepitiliza. Haya, shona. Taratibu, hukimbizwi."

Nikashona. Akanigombeza, akacheka, akanigombeza tena. Kumbe simu bado inarekodi.

Alipogundua akashika kichwa. "Nafuta. Watasema mkwe gani huyu, anamfokea baba wa watu."

"Usifute."

"Watakucheka, baba."

"Nimezika mke. Suruali itanifanya nini?"

Akaichukua simu. Kisha akakirusha kipindi vilevile.

Juzi nauliza bei ya mkaa, muuzaji simjui, akanikodolea macho.

"Mzee, samahani. Sauti yako kama naijua. Ule mguu ulipita?"

"Ulipita."

Akanijazia debe hadi likamwagika.

Siku hizi mkwe anarekodi uso wazi. Mimi nakaa mbele yake na sindano, yeye ananisema. Blanketi limerudi kitandani kwangu. Pindo lake moja limefumuka. Hilo nitalishona mwenyewe.